Kijino

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani ya ndoana,
akaitundika mashine kama papa mchanga.
Kilo kumi na nne, akasema, elfu saba,
na mia tano juu kwa ajili ya mpini.
Nikamwambia aishushe.
Sikuwa na sababu. Nilimwona tu Baba,
mwenye mtoto wa jicho kote kuwili,
amegeuza sikio.

Ilikuwa bandani, chini ya majamvi ya karafuu,
tangu mwaka ule walipomstaafisha kwenye bustani ya Wete
bila kiinua mgongo,
naye akajilipa mwenyewe:
akaisukuma hadi nyumbani mchana kweupe,
watu wakimwamkia njiani.
Mgongo haukuinuka, lakini mashine ilifika.

Visu vitano, vimejisokota kama kanga inayokamuliwa.
Kutu juu yake, na buibui kafungua baraza.
Nikavinywesha mafuta taa siku tatu
kwa kopo la maziwa na mswaki mkuukuu.
Siku ya nne bolti ikaguna
kama mtu anayeamshwa kula daku.

Ussi Mbwana, fundi baiskeli wa Bopwe,
akaja na sipana mbili, tupa, na maneno mengi.
"Hii kaiacha Mngereza."
"Mngereza hakuacha kitu," Baba akajibu toka ukumbini.
"Ilinunuliwa na serikali, na risiti nimeitia sahihi mimi."

Tukasukuma. Magurudumu yakaenda,
visu vimelala fofofo.
"Kijino," Baba akasema.
"Gurudumu la kulia. Mna kijino kinachoshika ukienda mbele,
kinaachia ukirudi. Hicho kimekufa."
"Umejuaje?"
"Kimya kina upande."

Tukalifungua. Tundu tupu,
na grisi iliyogeuka lami.
Ussi akapekua kopo lake:
spoku, gololi, nati zisizo na wenzao.

Nikaingia ndani, nikatoka na ufunguo
wa nyumba ya Mtambwe.
Nyumba ilikwenda na mvua, mlango ukawa kuni,
ufunguo ukabaki msumarini miaka kumi na moja
ukifungua hewa.
Aliyeutundika ni Mama. Sikumuuliza mtu.
Ussi akaubana kwa koleo, akaupiga tupa.

Tupa haifichiki.
"Mnakata nini?"
"Chuma," nikasema.
Baba akanyamaza,
kwa upande gani, sikujua.

Kisha mchanga laini na mafuta ya nazi,
tukavipaka visu, tukavizungusha kinyumenyume
hadi adhana ya adhuhuri, mikono imekufa ganzi.
Ussi akachana ukurasa wa daftari lake la madeni,
akaupitisha.
Ukakatika bila kelele,
nusu ya jina langu huku,
elfu kumi na mbili kule.
"Usifurahi," akasema. "Nimeshanakili."

Uani kwetu hakuna bustani.
Kuna kipande cha ukoka
kati ya kisima na kamba ya nguo,
mbuzi wa jirani amekidharau masika yote.
Nikashika mpini mahali palipolika, mikono yangu
ikazama katika mikono yake.
Hatua mbili za kwanza ikakohoa.
Ya tatu ikasema *trrrrr*,
na ukoka ukaruka, chanikiwiti, ukanijaa miguuni.
Watoto wa chuoni wakasimama na misahafu vichwani.

"Unakwenda mbio," Baba akasema. "Nyasi hazifukuzwi."

Nikairudisha nyuma.
Kijino kikaachia: tik, tik, tik,
kama mtu anayejaribu kufuli usiku
asiwaamshe wenziwe.

"Ufunguo wa Mtambwe huo."
"Ndiyo, Baba."
"Mama yako akiuzungusha mara mbili.
Mara ya kwanza haukuwa ukishika."

Nikangoja aseme jengine.
Akaniambia pembe ya kisima nimeiruka.